Katafute Mwenyewe, Mjomba

Daejeon, 4 Novemba

Kwa Yeon-ju, dawati la msaada wa utafiti kwa mbali, maktaba ya chuo.

Hujambo. Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Ningejua ombi nililotuma maktaba litaangukia mikononi mwako nisingeliandika, ila wanasema wewe ndiye mkutubi pekee wa vitabu vya nasaba. Nakamilisha shahada ya uzamili, na kitabu kipya cha ukoo ninachokiandaa kinachapwa mwisho wa mwezi. Nitafutie ukurasa wa zamani unaothibitisha kwamba binti aliyezaa bila ndoa haandikwi, ili mama yako aache kunitumia watu wa kunibembeleza.

Mjomba wako,
Byeong-ho

5 Novemba

Shikamoo mjomba. Pole na goti. Mimi mzima. Mama si mzima, lakini hilo hukuuliza. Yuko hospitali, na kitu kimoja tu anachokitaka kabla hajafa ni jina lake kwenye kitabu hicho, chini ya baba yenu, kando ya lako.

Dawati letu halimtafutii mtu, linamfundisha kutafuta. Hata maprofesa tunawaambia hivyo hivyo. Keshokutwa saa nne asubuhi washa kompyuta. Nitaiona skrini yako, ila utakayebofya ni wewe.

Mkutubi wa zamu,
Yeon-ju

8 Novemba

Salamu sina. Umenitega. Ule ukurasa umeutoa wapi? Binti wa kwanza, nafasi ya mume tupu, chini yake mtoto wa kiume, na mtoto mwenyewe ndiye babu wa tawi letu! Wazee wa ukoo wananisubiri, nawe unanionyesha uchafu. Kiburi umekirithi kwa mama yako. Nakushtaki kwa mkuu wa maktaba.

Byeong-ho

9 Novemba

Shikamoo. Goti vipi?

Nishtaki tu. Kipindi chetu kilirekodiwa. Jina la babu huyo wa tawi uliliandika wewe. Nakala kongwe kuliko zote uliichagua wewe, ukitaka kumkomesha mama. Mimi nilisema "bofya hapo" na "shuka kidogo", basi.

Nakuchukia tangu nina miaka saba, uliponitoa kwenye tambiko la babu mbele za watu, sahani ya mapeasi ikiwa mkononi. Lakini sikukudanganya. Asili yangu na yako ni moja.

Yeon-ju

27 Novemba

Kwa dawati la msaada.

Hamjambo. Kitabu kinaingia mtamboni Jumatatu. Naomba tarehe ya kuzaliwa ya Tak Sun-ae, binti wa baba yangu, kwa kalenda ya mwezi mwandamo. Bila tarehe jina haliingii. Nimepekua nyumba nzima, kumbe sikuwahi kuiandika popote.

Tak Byeong-ho, mwanafunzi

27 Novemba

Shikamoo mjomba.

Tarehe ninayo. Sikupi. Utaratibu wetu unaujua.

Kesho panda treni ya saa mbili asubuhi. Ukifika hospitali, nenda chumba 512, kitanda cha dirishani. Bisha hodi, umsalimie dada yako, kisha umuulize. Anasema kwa shida, ila bado anajibu.

Mpwa wako,
Yeon-ju