Kichwa cha Mama Salima

Alhamisi, baada ya alasiri

Kumbe kichwa hakimuumi. Hakijamuuma hata siku moja!

Miezi mitatu sasa ninakula ugali wa Mama Salima kwa deni, maana kila doti ya nguo ninayolipwa kwa vibarua inaishia kwa tabibu anayenifundisha uganga. Mzee yule hana huruma na ada yake. Nilifika hata kuona haya kunawa mikono. Ndipo Mama akaanza kulalamikia kichwa kila Ijumaa: "Mwanangu, niumike kwa pembe yako. Tutapunguza deni."

Nikamchanja kisogoni, nikaweka pembe, nikavuta damu. Mara nne. Ile ya kwanza pembe ilianguka, na wembe ukaingia kupita kiasi. Alisema tu, "Iko muzuri, endelea."

Leo nimerudi mapema kutoka kuchimba mizizi ya dawa, nikamkuta anatwanga mihogo huku anaimba. Jirani akamuuliza, "Kichwa kimepona?"

Akacheka. "Kichwa gani? Ule mutoto atajifunzia kwenye kichwa cha nani? Na atakula nini?"

Nikarudi nyuma polepole, asinione.

Deni bado lipo, na kilemba cha kumlipa tabibu nikihitimu sijui nitakitoa wapi. Lakini kesho Mama akija na kichwa chake, nitampa pole kama kawaida.

Wembe nimeshaunoa.