Gari Langu Si Langu

Chumba Namba 4,
Nyumba za Madereva,
Nyuma ya Yadi ya Malori.

Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kabla ya yote, maana nakujua: mtu akitanguliza habari kabla ya salamu, barua yake unaikunja na kumrudishia aliyeileta. Hujambo wewe? Goti linaendeleaje? Na lile jicho la kulia, ukungu umezidi au umesimama palepale? Usinijibu ile "sijambo" yako ya mkato. Mwalimu jirani anayekusomea barua hii ndiye atakayeandika majibu, nami namwomba aandike anachokiona, siyo anachoambiwa.

Sisi huku hatujambo. Mkwe wako mwezi uliopita ameshona sare za shule nzima peke yake. Vidole vimevimba, lakini mdomo haujachoka, ananisema kama kawaida. Wajukuu zako wanakula kama mchwa, na yule mkubwa anavaa viatu vyangu bila ruhusa. Mimi mwenyewe ule wembamba ulionifanya uniite Msumari umekwisha. Sasa nina tumbo la kukaa kwenye usukani, na fundi cherehani wa nyumbani kwangu anasema kitambaa kimepanda bei.

Barua yako niliipata kwa dereva mwenzangu aliyepita kwenu na mbolea. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya lori, nikairudia, kisha nikashuka kwenda kunawa uso. Unasema umepata mnunuzi wa kiwanja cha nyuma, kile chenye kisima, na kwamba ni yule mwenye duka la saruji. Unasema mwisho wa mwezi mtaandikishana, na fedha yote unaniletea mimi ninunue lori la pili, "kwa kuwa moja tayari unalo."

Shangazi yangu, usiuze. Nakupigia magoti. Usiuze, kwa sababu hilo moja silo langu.

Ni la kampuni. Mimi ni dereva wa kuajiriwa, nimekuwa hivyo tangu siku ya kwanza, na asubuhi hii bado ndivyo nilivyo. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe husikia nusu na kujibu robo. Nimeona jambo hili likae kwenye karatasi, ulirudie mpaka likuingie.

Kosa limetokana na neno moja, na neno lenyewe limetoka kinywani mwangu. Sisi madereva wote tunasema "gari langu." Gari langu limepakia, gari langu limezidi uzito kwenye mizani, gari langu linavuja oili. Mwenye gari tunamwita tajiri, hata kama anadaiwa na muuza karanga. Mpishi naye husema jiko langu, mfagizi husema ofisi yangu, wala hakuna anayemwomba hati. Huwezi kuishi na chombo siku ishirini kwa mwezi, ukalala ndani yake, ukala ndani yake, halafu ukakiita "lile la kampuni." Wewe kule ukasikia "langu," ukajua limeandikishwa kwa jina langu. Kisha nikakutumia ile picha, nimeegemea taa ya mbele, nimekunja mikono, tumbo nimelivuta ndani. Ningekuwa wewe, hata mimi ningeamini.

Lakini sikutwiki lawama. Mwaka juzi uliniuliza kwenye simu, "Tajiri hajambo?" Nilijua kabisa ulichomaanisha. Nilicheka tu, nikageuza mazungumzo tukaanza kusema habari za mvua. Ilikuwa tamu, Shangazi, kuitwa tajiri na wewe uliyeniona nikienda shule na kaptula iliyopasuka nyuma. Kicheko kile ndicho kilichotufikisha mpaka kwenye kiwanja. Nisamehe sana. Nimeona aibu ya kweli, siyo ya kwenye barua tu.

Aibu yangu ni ya kunyamaza, siyo ya kazi. Kwa kazi yangu natembea kifua mbele, na leo nataka uijue vizuri, maana nadhani sijawahi kukueleza.

Lori ninaloendesha lina magurudumu ishirini na mawili. Kila alfajiri kabla sijawasha nayagonga yote kwa rungu la mbao, moja baada ya jingine. Tairi lililojaa linaitika, lililopungua linajibu kivivu kama mtoto aliyeamshwa. Nina miaka kumi na moja barabarani na sijalaza gari ubavu hata mara moja. Kwenye miteremko mirefu wako wanaoachia gari liteleze bila gia ili wabane mafuta wakayauze. Mimi nashuka na gia ndogo, taratibu, na nyuma yangu magari madogo yananipigia honi utadhani wote wamebeba bibi harusi. Waache wapige.

Mwezi wa tatu nilipewa mzigo wa vioo. Madereva wawili walikuwa wameukataa, maana kioo kikipasuka anayeulizwa ni dereva, hata kama shimo alilichimba mwingine. Mimi niliuchukua. Siku tisa nimeendesha kama mtu aliyebeba mayai kichwani, na kwenye vumbi nilishuka kukaza kamba kila baada ya saa mbili. Mpokeaji alifungua makasha mbele yangu, moja moja, yote sitini, na mimi nimesimama kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Hakikupasuka hata kimoja. Akaandika kwa mkono wake kwenye hati ya kupokelea mzigo: "Vyote vizima. Mshukuruni dereva." Msimamizi wetu wa yadi, mtu ambaye sidhani kama amewahi kumsifu hata mkewe, aliitoa nakala akaibandika ukutani pale tunapochukulia funguo. Nikifika asubuhi najifanya siioni.

Sasa kuhusu malipo. Nakueleza wazi, kwa kuwa ni wewe uliyekuwa ukituambia kwamba fedha isiyosemwa huleta ugomvi. Zamani nililipwa kwa safari. Gari likilala gereji wiki tatu, nami nalala njaa wiki tatu. Mpakani tukikwama kwenye foleni siku tano, hizo siku tano hakuna aliyezijua. Sasa nina mshahara wa mwezi, gari liende lisiende. Juu yake kuna posho ya safari, na tangu mwaka jana hata siku za foleni zinalipwa, baada ya sisi madereva kwenda ofisini kwa pamoja na kusema mpaka tukasikilizwa. Fungu fulani linakatwa kwa ajili ya uzee wangu, na nikistaafu kuna kiinua mgongo. Kwa jinsi mgongo huu unavyolia baada ya barabara mbovu, aliyekipa jina hilo bila shaka alikuwa dereva.

Huo siyo utajiri. Lakini karo ya wajukuu zako haijachelewa muhula hata mmoja, na kodi ya vyumba vyetu inalipwa mwenye nyumba akiwa bado amelala. Mabati yaliyo juu ya kichwa chako yametoka humohumo. Hukuezekewa na tajiri, Shangazi, umeezekewa na dereva. Ukisikia mvua inapiga usiku, ujue ni mshahara huo unaongea.

Najua utasema, basi kiwanja kiuzwe ununue lori la kwanza. Tunaye mwenzetu tuliyemwita Profesa kwa sababu ya miwani. Aliacha kazi, akanunua lori kuukuu kwa mkopo. Kamba hukatikia pabovu, na lori kuukuu ni pabovu patupu. Huu ni mwezi wa nne mfululizo gari liko juu ya mawe, yeye amelala chini yake na spana, na akitoka huko anatuuliza sisi kama kampuni inaajiri. Siwacheki wenye magari, wako wanaofanikiwa. Ila kumiliki lori ni biashara, kuendesha lori ni kazi, na mimi nina kazi. Kisima chako kinakupa riziki kila mtu anapoleta ndoo. Kiache kikulishe.

Jambo la mwisho ndilo kubwa, kwa hiyo kama chai imepoa, iongeze moto kwanza.

Wiki mbili zilizopita nilipewa mkataba wa kudumu. Miaka yote hii nilikuwa wa kuongezewa mwaka kwa mwaka, kama kibali cha gari. Mkataba huu unakuja na bima ya matibabu: mimi, mke, watoto na wazazi wangu. Nikapewa fomu niijaze palepale ofisini. Kwenye nafasi ya mama nikaandika "marehemu." Kwenye nafasi ya baba nikaandika jina lako.

Dada wa ofisi ya utumishi akaisoma, akanitazama.

"Kaka, hapa kwa baba umeandika jina la mwanamke."

"Ndiyo, ni shangazi yangu."

"Shangazi haingii kwenye bima."

"Dada yangu, si unajua shangazi ni baba wa kike? Baba alifariki nikiwa na miaka sita. Huyu ndiye aliyenilisha, akanisomesha, akanichapa, akalipa ada ya chuo cha udereva kwa fedha ya maji ya kisima. Kama huyu siyo baba, basi mimi sijawahi kuwa naye."

Akaweka kalamu chini. Akasema, "Mimi mwenyewe ni shangazi wa watoto wanne. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandika popote." Kisha akafungua droo, akatoa fomu nyingine, ya mlezi. Kumbe ipo, ila watu hawaiulizii. Akanijazia upande wangu wote kwa maandishi mazuri kuliko ya Mwalimu, anisamehe Mwalimu.

Fomu hiyo ndiyo imo kwenye bahasha hii. Usiikunje zaidi ya nilivyoikunja. Ipeleke ofisi ya mtaa, ueleze kwamba ulinilea, uweke sahihi yako, wao wagonge muhuri, kisha umpe dereva mwenzangu yuleyule akirudi kupita kwenu tarehe ishirini. Kampuni inaitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Kadi ikitoka jina lako litakuwa juu yake, na jicho hilo litafanyiwa upasuaji hospitali, na watu wataendelea kuchota maji uani kwako kama kawaida.

Lakini sikufichi, maana kuficha kumetuponza. Juu kabisa ya fomu imeandikwa: "Kazi ya mwajiriwa: dereva wa lori. Mmiliki wa chombo: kampuni." Naijua ofisi hiyo ya mtaa. Naujua ule ubao wa kukalia, na watu wanaoshinda pale, na karani anayesoma kila karatasi kwa sauti ya mnada. Wengi wao umewaambia kwamba mwanao ana lori lake. Huenda na yule wa saruji atakuwepo, na yeye ana sababu zake za kutaka uendelee kuamini hivyo. Watatazamana. Mtu ataguna. Nilitaka kukushauri uende mapema, kabla watu hawajajaa. Nimeliwaza hilo safari nzima, na sikushauri hivyo. Nenda saa yoyote utakayopenda, uvae ile kanga yako mpya.

Nisalimie binamu yangu fundi baiskeli, mwambie spoki alizoniagiza nimezipata. Msalimie Bibi Mdogo, na ukisema ndani ya sikio lake la kushoto atasikia. Msalimie Mwalimu, na umshukuru kwa kutoruka mstari. Wajukuu zako wanakubusu mikono, na mkwe wako anasema gauni la kwendea hospitali amekwisha kulikata, limebaki kushonwa. Mungu akutunze, akuondolee ukungu huo, akupe macho ya kuniona mimi nikizeeka.

Na pale dirishani, karani akikuuliza mwanao anafanya kazi gani, Shangazi, usinong'one. Mimi nilipoulizwa baba yangu ni nani, sikunong'ona.

Ni mimi mwanao, nikupendaye popote barabara inaponifikisha,

Msumari,
Dereva.