Siku Bi Mwanasha Aliponihadithia

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Huku Bofu hatujambo, ila babu yako magoti yanamsumbua, nami siku hizi nachoka upesi. Umeniuliza umwambie nini mgonjwa wako aliyekatwa titi kwa saratani na hataki kusema na mtu.

Nilipokuwa muuguzi kama wewe, miaka ya themanini, nilimhudumia Bi Mwanasha wa Mtopanga. Tangu akatwe titi alilala ameelekea ukutani tu. Kila nikimsafisha kidonda nilimhadithia ngano, apate kusahau maumivu. Hakunijibu hata neno. Alasiri moja nilikuwa hoi, nikakwama katikati ya ngano ya binti aliyeozwa zimwi.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" akauliza.

"Nimechoka, mama. Nimesahau ilivyokwenda."

"Basi keti, nikuhadithie mimi."

Akanigeukia, akahadithia mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakatega masikio. Alipomaliza, aliinamisha macho kifuani. "Hebu nami nikione hicho kidonda," akasema. Hakuwa amekitazama hata mara moja.

Alirudi kwake, akaishi miaka michache, Mungu amrehemu. Maneno ya kumwambia mgonjwa wako siyajui, Zuhura. Lakini ukichoka, usimfiche.

Bibi yako akuombeaye,
Mwanakombo