Mpira Mfupi

Champlin, Minnesota

Kwako Kaka Mwakio,

Salamu. Natumaini wewe ni mzima. Ningeuliza hali ya wengine hapo nyumbani, lakini jibu lako nalijua: kwako wewe hakuna aliyewahi kuugua katika boma letu mpaka siku ya kuzikwa. Mimi sijambo, ila baridi inanichapa na gari limegoma kuwaka mara mbili wiki hii. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako hupoteza network kila nikimtaja Mama.

Kwanza nikusimulie mpira. Mzee ninayemuuguza huko Eden Prairie alikuwa kocha wa shule ya sekondari. Alipigwa na kiharusi upande wa kushoto, na maneno yake hutoka polepole. Jumapili, nikishamlisha chakula cha mchana, tunatazama mpira wa Wamarekani, ule wa kofia ngumu na kuangushana. Kumbe timu ikishafunga, huwapigia wenzao mpira mbali kabisa ili nao wapate zamu. Lakini mara moja moja huupiga mfupi makusudi, ukadundadunda chini, na ukishavuka yadi kumi walioupiga wana ruhusa ya kuukimbilia na kuuchukua wao wenyewe.

Jumapili iliyopita timu ya hapa ilikuwa imelemewa, zimebaki dakika mbili, wakajaribu huo mfupi. Wapinzani walikuwa wameshasogea mbele wanaungoja, wakaupokea kama mtu anayepokea kikombe cha chai. Kocha alikasirika. Akatandaza zabibu mezani kwa mkono wake mzima, hawa hapa, wale pale.

"Wanaupiga wakati kila mtu anajua," akasema. "Na siku hizi ligi ya wakubwa inakulazimisha utangaze kabla. Ukishatangaza, utamshtukiza nani?"

"Sasa upigwe lini?"

Akazisogeza zabibu za upande wa pili nyuma kabisa. "Wakiwa wanarudi nyuma kungoja mrefu. Na wewe uwe bado una muda. Usingoje mpaka uwe unalia."

Zabibu mbili zilianguka. Nilikaa chini ya meza kuziokota kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kaka, ninyi mlinipigia simu zikiwa zimebaki dakika mbili. Baba aliugua miezi minane, na miezi yote minane nikaambiwa, "Ako sawa, ni presha kidogo tu." Siku mliyoniambia ukweli nilikuwa namwogesha baba wa watu. Nikaomba ruhusa, nikapanda ndege, na nilikuwa bado njiani ujumbe wako ulipoingia. Nilimkuta mochwari. Mimi ninayelisha wazee wa wenzangu kwa kijiko sikumpa wangu hata tone la maji. Nawe ukaniambia mbele ya waombolezaji, "Hatukutaka kukusumbua, una kazi." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe hukuumbuka. Ulitoa hotuba nzuri, watu wakakupongeza. Sijakusamehe.

Sasa ni Mama. Nikisema nataka kumwona kwenye video, mnaomba nusu saa. Halafu anatokea amefungwa kilemba kipya, amekalishwa kwenye kile kiti chenye mikono, na simu mmeielekeza upande wake wa kulia tu. Mkono wa kushoto haujatoka ndani ya leso tangu Pasaka. Anacheka na mdomo unakwenda upande mmoja. Kaka, unamficha nani? Hiyo ndiyo kazi yangu. Naamka kila siku kwenda kuutazama mdomo kama huo.

Niliposema nije Krismasi, ukasema barabara imeharibika. Niliposema Aprili, ukasema ningoje Agosti, nyumba inapakwa rangi. Nikamweleza Njeri, Mkikuyu ninayefanya naye kazi, tukiwa jikoni kwa Kocha.

"Shida yako ni kuwaambia," akasema. "Ukisema unakuja, watampanga huyo mama hadi u-think ako na miaka thelathini. Book tu uende. Shift zako mi nita-cover."

Nikamwomba msimamizi ruhusa siku hiyo hiyo, wakati hakuna msiba wala simu ya dharura. Akanipa wiki tatu bila hata kuuliza sababu. Ningalijua ni rahisi hivyo wakati wa Baba! Hilo nalo linaniuma, na hilo ni kosa langu mwenyewe.

Hapa ndipo watu huandika nisalimie fulani na fulani. Wifi yangu Grace, ambaye siku moja tukiwa kwenye video aliponyokwa na ulimi akasema, "Ngoja nimshikie Mama kikombe," usimsalimie. Shangazi Wakio, uliyemkataza asipokee simu zangu, usimsalimie. Nitawasalimu kwa mdomo wangu.

Umeona kwamba bahasha haina stempu. Haikuletwa na posta. Umekabidhiwa na mwanamke aliyesimama mbele yako, koti la baridi mkononi, macho yamevimba kwa safari. Keti uimalize polepole, kaka. Mimi nimeshapita ndani kwa Mama.

Mdogo wako,
Wakesho