Mikono Iliyomkanda Salum

Mama,

Umenizunguka. Wiki ya tatu sasa tangu wakuzike Unguja, na mimi niko hapa Guangzhou na hasira zangu, sina wa kumwonyesha ila wewe.

Tangu uondoke mjukuu wako Salum halali. Nilimpaka yale mafuta yako ya nazi, ya kwenye chupa ya soda, nikamkanda kama nilivyodhani unafanya. Akazidi kulia. Jana asubuhi Ayi wa ghorofa ya chini akagonga mlango, yule bibi wa Kichina uliyekuwa ukimwita shoga yako, nami nikicheka nikiwauliza, mnaongea lugha gani nyinyi?

Akanawa, akapasha mafuta viganjani. Akampishanisha Salum mikono kifuani, akamnyoosha miguu, akamvuta vidole kimoja kimoja huku akimwambia, "Talatibu, talatibu." Taratibu, neno lako, Mama! Mtoto akanyamaza, nikalia mimi.

Nikamuuliza kwa simu inayotafsiri: nani kakufundisha? Akasema ni wewe. Kila ulipomtoa Salum eti akaote jua, ulikuwa ukimshusha kwake. Unakaa kitini, unamwelekeza kwa kichwa, yeye anakanda. Vidole vyako vilikuwa vimekufa ganzi, hata kizibo cha chupa alikufungulia yeye.

Arobaini nzima nimelala pale ndani, unaniletea mtoto anang'aa mafuta, nakwambia, "Mama una mikono wewe!" Ukacheka. Ukakubali sifa. Nilipoomba unifundishe ukasema, "Pumzika, mzazi. Utajifunza tu."

Lini, Mama? Kwa nani?

Jirani alijua unaumwa. Mimi uliyenizaa nikaja kuambiwa kwa simu kutoka Unguja, umeshakufa. Ningekupeleka hospitali, arobaini au si arobaini. Ningeviacha viatu vyangu vya biashara kule soko la Zhanxi vioze nikarudi nawe. Najua ndicho ulichokikimbia, lakini nani alikutuma uniamulie? Nilikusindikiza hadi uwanja wa ndege nikakupungia mkono kama mjinga.

Leo nimeshuka kwa Ayi. Amenishika mikono akaiweka mgongoni kwa Salum, akanisukuma polepole. Najifunza mkando wa mama yangu kwa mtu baki, maana hukuniachia pengine.

Mungu akulaze pema, Mama. Sijakusamehe bado, nipe muda. Ila nakuahidi: siku mikono yangu itakapokufa ganzi, wa kwanza kuambiwa atakuwa Salum.

Mwanao,
Mwanaidi