Sanduku Lenye Nukta

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji. Natumaini mguu wako umepona, na kwamba wanao hawakupandishi presha kama nilivyokuwa nikikupandisha mimi. Mwili wangu ni mzima, nakula, nafika kazini. Usingizi ndio umenihama.

Juzi ulipopiga simu nilikukatiza, nikasema gari la wagonjwa linaitwa. Halikuwa likiitwa. Nilikuwa nimekaa jikoni naiogopa sauti yako, maana barua ya kamati ya utafiti iko mbele yangu tangu wiki jana, na habari hii lazima uipate kwangu kabla hawajakufikishia wao.

Nilishakueleza kwamba gari letu la wagonjwa limo kwenye utafiti. Moyo wa mtu ukisimama nyumbani au barabarani, tunamchoma sindano kutoka kwenye sanduku dogo lenye namba. Nusu ya masanduku yana dawa, nusu yana maji ya chumvi tu, na hakuna kati yetu anayejua lipi ni lipi. Ndivyo itakavyojulikana kama dawa ile inasaidia kweli au tunajifariji. Sharti ni moja: unachukua lililo juu, basi. Hakuna kuchagua.

Sasa, sisi watu wa gari hatukosi ujuaji. Mimi na dereva wangu, Breki, tuliona kuwa vichupa vya masandukuni, vingine ukivitikisa vinatoa povu. Tukaamua, kama maprofesa, kwamba penye povu ndipo penye dawa. Siku moja nikapata chenye povu jingi, nikalitia sanduku lake nukta ya kalamu na kulificha chini kabisa ya mkoba wetu wa dawa. Nilimwambia Breki ni la akiba. Sikumwambia ni la nani. Baba alikuwa ameanza kushika kifua akipanda ngazi, na kwa kazi yangu nilijua maana yake.

Asubuhi ile simu ilipotaja duka la cherehani lililo chini ya nyumba yake, nilijua ni baba. Tulifika kwa dakika sita. Alikuwa amelala kati ya vitambaa, mshonaji akimkandamiza kifua huku analia. Nikampokea. Breki akashughulika na pumzi na mashine. Tukampiga shoti ya umeme ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ukafika wakati wa sindano. Breki akanyoosha mkono kwenye sanduku la juu, nikamfokea asiliguse.

Msibani ulisimama ukawaambia watu kwamba mdogo wako hakukiachia kifua cha baba hata sekunde moja. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Dada, nilikiachia. Niliondoa mikono nikapekua mkoba, na sanduku langu lilikuwa limenasa kwenye bendeji. Breki aliniita mara mbili. Mashine imerekodi yote: kwa sekunde hamsini na nane moyo wa baba haukuwa na mtu wa kuusukuma.

Daktari wa utafiti aliniwekea karatasi ya mashine mezani, akagusa pale mstari ulipolala. Akauliza kwa upole, "Hapa mikono yako ilikuwa wapi?"

Nikamsimulia habari ya povu. Akaniambia vichupa vyote vimetengenezwa vitoe povu, vya dawa na vya maji, kusudi wajuaji wasipate pa kushikia. Povu jingi lilikuwa la mkono wangu uliotikisa sana. Hawezi kusema baba angepona. Wala hawezi kusema asingepona.

Nimeiandikia kamati ukweli wote, na nimesema kosa la siku ile si la Breki. Wakinifukuza, ni haki yao. Ninayemwogopa ni wewe. Nitakuja Jumamosi. Ukitaka kunitukana, nitukane. Ukitaka nisiingie, nitakaa nje mpaka useme. Ila wale uliowaambia msibani, naomba uniachie niwaambie mwenyewe, mmoja mmoja.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu, kama bado utapenda salamu zangu ziwafikie.

Mdogo wako,
Kibonge