Asilimia Themanini na Sita

Mwaloni,
Wampembe, Nkasi.
30 Machi 2025.

Mpendwa Dada Silvana,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku ziwani, nikitumaini Tunduru kumekucha salama, goti lako limepoa, na shemeji na watoto wanakula na kushiba. Mama hajambo, kikohozi kimemwachia. Mimi mwili mzima, ila roho imechafuka. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaamini habari za mdomo mwingine.

Unajua kikundi chetu cha akina mama kilipata paneli na betri nane za kuendesha friza mbili za samaki, maana nguzo za umeme hazijatufikia. Mdogo wetu Abel ndiye aliyefunga nyaya. Mimi nilipewa kazi ya kusoma chaji. Saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni naingia chumba cha betri, natazama kioo kidogo cha kifaa kinachohesabu chaji, naandika asilimia kwenye daftari. Ikishuka chini ya hamsini, nazima taa na chaja za simu, zinabaki friza tu.

Mwezi huu mawingu yalitanda siku nyingi, nikawa nasoma kwa hofu. Kioo kikasema themanini na nne, kesho yake themanini na sita. Nikamshukuru Mungu, nikaandika.

Alhamisi ya tarehe ishirini gari la samaki likaja kutoka Sumbawanga. Mwenyekiti wetu, Mama Jovina, akafunua friza, tulizokuwa tumezifunga wiki nzima ili baridi isitoke. Dada, harufu ile sijui niiandikeje. Migebuka imevimba matumbo, samaki wakubwa wa kuhe macho yamewatoka, wanaelea kwenye maji mekundu yenye povu. Nilitapika palepale mlangoni. Dereva aligeuza gari bila hata kuzima injini.

Wenzangu wote wakanigeukia. "Stefania, hizi namba ulikuwa unaziandikia kitandani?" Mama Jovina aliniuliza, daftari mkononi. Abel alikuwepo, kaziba pua kwa kola ya shati. Akatikisa kichwa kama mwenye huruma. "Dada, ungekuwa unaangalia vizuri," akasema. Mbele ya watu wote.

Siku nne nilipita sokoni, hakuna aliyeniitikia salamu.

Jumatatu akafika fundi kutoka Namanyere, anaitwa Benjamini. Akapima betri kwa mita yake, akazikuta hoi kabisa. Kioo bado kinasema themanini na sita! Akauliza nani ameandika daftari. Nikasema ni mimi. "Wewe umeandika ulichokiona," akaniambia. "Kilichodanganywa ni kifaa."

Akanionyesha. Umeme wote unaotoka kwenye betri hupaswa kupita kwenye kipande kimoja cha shaba, na hapo ndipo kifaa kinauhesabu. Mtu alikuwa amefunga waya wake kwenye betri zenyewe, bila kupitia pale, kwa hiyo alichokula hakikuhesabiwa. Kila usiku betri ziliishiwa, friza zikazima. Asubuhi kijua kidogo kikaziwasha, nami nikiingia nazikuta zinanguruma.

Tuliufuata waya ule. Umepita chini ya ukuta, umefukiwa mchangani, ukatokezea kwenye banda la Abel la kuonyeshea mpira. Televisheni mbili, spika, na friji ya bia. Nilifungua ile friji, dada. Bia zilikuwa baridi mpaka chupa zinatoka jasho.

Abel hakukana. "Samaki si mtu, dada. Sema ni mawingu, yataisha." Mama naye akanishika mkono, akanisihi tuyamalize nyumbani. Ujumbe wako wa simu ulikuja na maneno hayohayo. Sikukujibu kwa sababu ningekujibu vibaya. Nisamehe kwa kukaa kimya, lakini kwa nililolifanya baadaye sikuombi msamaha.

Jumatano kwenye kikao nilisimama nikasema yote, na jina lake nikalitaja. Mama alitoka nje analia. Atuganile, yule mjane aliyekuwa ameweka humo samaki wake wote, alikuja akakaa karibu yangu. Kikao kikaamua Abel azimwage friza kwa mikono yake.

Unajua alifanya nini? Alijipulizia manukato kwanza. Anamwaga ule uozo shimoni huku ananiambia nimeivunja familia. Nilimtazama, mtoto niliyembeba mgongoni mwangu, nikaona kinyaa kikubwa kuliko cha ile harufu.

Daftari wamenirudishia. Betri mbili zimekufa kabisa, hazipokei chaji tena.

Sasa lililonifanya niandike. Jana Abel amepanda gari. Amemwambia Mama atakaa kidogo Sumbawanga, kisha anakuja kwako, kwamba amesikia zahanati unayofanyia kazi inatafuta fundi wa kuangalia betri za friji ya chanjo. Dada, mpokee. Mpe chakula, mpe pa kulala, ni wetu. Ila mlango wa chumba cha betri za zahanati asiusogelee. Na daktari wenu akikuuliza kama anaijua kazi, mwambie anaijua sana, na hilo ndilo la kuogopa.

Nisalimie Shemeji Lugano, Janeth na Tito. Mama anakuombea, ingawa mimi haniombei wiki hii. Mungu awakinge na ubaya wa karibu na wa mbali.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata katika hasira,

Stefania.